Neno Limefika, Gari Litafuata

Jina la nchi yetu nisingekuficha, ila kwa sasa halipo. Serikali imelipeleka ng'ambo likatafsiriwe kwa Kiingereza na bado halijarudi. Tukiandika barua rasmi tunaacha nafasi wazi pale juu, na mwenye mkono mzuri huchora bendera.

Mambo yalianza pale Mheshimiwa Rais alipokwenda kwenye mkutano wa mataifa. Akaulizwa swali, akatabasamu. Akaulizwa tena, akapiga makofi. Wapo wanaosema ukumbi ulicheka, lakini gazeti la serikali lilieleza wazi kwamba ukumbi ulifurahi. Wafadhili wakamwita pembeni, wakamwambia kwa upole ule wa mwenye nyumba anayekuomba uvue viatu, kwamba nchi itakayoendelea kusaidiwa ni ile ambayo wananchi wake wamefaulu mtihani wa Kiingereza. Alipotua tu nyumbani, hata mashada ya maua hajavishwa, akatangaza kuundwa kwa Wizara ya Msamiati.

Waziri wake, Mheshimiwa Profesa Dakta Injinia Mtukuzwa, alitufafanulia mpango huo redioni. "Ndugu wananchi," alisema, "lugha ni nyumba, na nyumba haianzi na paa. Awamu ya kwanza ni maneno. Awamu ya pili ni sentensi. Maana ya maneno hayo itafuata katika awamu ya tatu, kadiri bajeti itakavyoruhusu."

Tulimwelewa vizuri sana. Nchi changa haiwezi kuwa na maneno na maana kwa mkupuo mmoja.

Kamati ya Usafi wa Msamiati ikafungiwa katika hoteli moja kando ya ziwa ili ichague maneno ya kuanzia. Wajumbe waliondoa kila neno ambalo, kwa mujibu wa taarifa yao, lingeliaibisha taifa mbele ya wageni. Njaa ikaondolewa. Maumivu yakaondolewa. Mwizi, damu, kaburi, foleni na hapana, yote yakakatwa. Kifo kilijadiliwa kutwa nzima kwa sababu mjumbe mmoja alikuwa amefiwa wiki ile, lakini mwishowe akaeleweshwa, akaelewa. Yaliyobaki yalikuwa maneno yenye afya: hapi, thenk yu, wandafuli, divelopmenti, stekiholda, sakses na mengineyo ya ukoo huo. Nayaandika hivyo kwa sababu ndivyo yalivyotufikia katani, kwa masikio.

Kisha ikaja sheria. Ndani ya ofisi yoyote ya umma mtu azungumze Kiingereza peke yake, na atumie maneno yale tu yaliyoandikwa katika cheti chake. Lugha yetu ibaki nyumbani, sokoni na barabarani. Asiye na cheti asihudumiwe, na mfanyakazi atakayefeli asiiguse kazi yake mpaka atakaporudia mtihani.

*

Mimi ni mtunza dawa katika zahanati ya kata ya Mabondeni. Watu huniita Bwana Dawa, na kazi yangu ni nyepesi, maana dawa hazipo. Zamani zilikuwa zinachelewa. Tangu Wizara ianze, badala yake zinakuja lebo, lebo nzuri za Kiingereza zenye gundi upande wa nyuma, nami nazibandika rafuni kila moja mahali pake. Mkaguzi alipokuja aliisoma rafu kutoka mwanzo hadi mwisho, akanipongeza kwa kuwa na dawa za kutosha.

Mkunga wetu alikuwa Sista Pulkeria, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Nusu ya vijana wa kata ile wamepita mikononi mwake, na hata leo huwakumbusha mbele ya wachumba zao walivyokuja duniani.

Nje ya geti letu Sikitu alikuwa akikaanga vitumbua. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na mumewe Kibwana, fundi baiskeli, alikuwa ameanza kumbebea ndoo za maji bila kuona haya, jambo lililowafanya wanawake wengine wawaangalie waume zao kwa jicho baya.

"Sista," Sikitu alimwambia asubuhi moja, "kuzaa siogopi. Naogopa kuzalishwa na mtu nisiyemjua."

"Nitakuzalisha mimi. Kula mboga, acha maneno."

"Mbona serikali imesema maneno ndiyo mlo wetu, Sista?"

Wakacheka wote wawili, nami nikacheka, kwa kuwa tulikuwa nje ya geti.

Madarasa yalifanyika kila alasiri katika ofisi ya kata chini ya Bwana Nikodemu, Afisa Msamiati, kijana mwembamba mwenye tai na mkoba. Yeye aliinua kadi, sisi tukatamka. Wakulima waliacha magugu shambani wakaja kuimba wandafuli. Vikongwe wasio na meno waliumia sana kwenye stekiholda. Sikitu naye alikuja na tumbo lake, akakaa kwenye kiti cha mbele, akafaulu ngazi ya wagonjwa kwa alama za juu. Cheti chake kilimruhusu kuugua kwa maneno manne: hapi, thenk yu, wandafuli na divelopmenti.

*

Lazima nikueleze kuhusu makabidhiano, maana bila hayo huwezi kutujua sisi ni watu gani. Nchini kwetu kitu hakihesabiwi kuwa kimetolewa mpaka kikabidhiwe. Lazima awepo mgeni rasmi, utepe, turubai, kwaya na mpiga picha. Tumekabidhiwa kisima ambacho kilichimbwa na babu zetu. Tumekabidhiwa hata mvua, mwaka ule ilipochelewa, na Mkuu wa Wilaya akaipokea kwa niaba yetu akiwa chini ya mwavuli.

Kwa miaka mingi kata yetu ilikuwa inaomba gari la wagonjwa. Hospitali ya wilaya iko mbali, na mzazi akishindwa kujifungua hapa anapelekwa kwa baiskeli, akiwa amefungwa kwa khanga asianguke. Basi siku habari ilipofika kwamba ambulensi ya Mabondeni inakuja Jumamosi, watu walilia. Wanawake walifagia barabara hadi ikang'aa. Mbuzi wakachinjwa. Kibwana aliziba mashimo yote ya njia ya kuingilia zahanati kwa mikono yake mwenyewe, akapima kwa hatua kama gari litaweza kugeuza.

Waziri Mtukuzwa alikuja mwenyewe. Nyuma ya msafara lilifuata lori limebeba kitu kirefu kilichofunikwa turubai. Kwaya ikaimba. Utepe ukakatwa. Turubai likavutwa, na sote tukauona ubao wa mninga, mrefu kuliko mlango, umepigwa msasa vizuri na kuandikwa kwa rangi nyekundu: AMBULENSI.

"Ndugu wananchi," Waziri alisema, "wapo waliobeza. Wapo waliosema Serikali haisikii. Leo neno limefika. Gari litafuata!"

Mshereheshaji akaomba vigelegele, na vigelegele vikapigwa, kwa sababu koo zilikuwa zimeshajiandaa tangu alfajiri. Nami nilipiga makofi. Mpiga picha alinipanga karibu na herufi ya mwisho.

Sikitu alikuwa amesimama pembeni yangu, mkono kiunoni, akiutazama ule ubao. "Sasa hilo," alininong'oneza, "mtu unalipandaje?"

*

Mtihani wa wauguzi ulifuata wiki hiyohiyo. Sista Pulkeria alitamka kadi zote bila kosa. Kadi ya mwisho ilikuwa lile neno jipya la kata. Bwana Nikodemu akaiinua, naye akatamka vizuri kabisa, "Ambulensi." Kisha, kwa Kiingereza kilekile, akamuuliza gari lenyewe liko wapi.

Nikodemu alifungua mwongozo wake, akausoma, akaufunga, akamtoa nje ya mlango ili aweze kumweleza.

"Sista, umetumia sentensi."

"Si ni ya Kiingereza?"

"Ndiyo maana kosa ni kubwa zaidi. Sentensi hazijaidhinishwa. Tena yako ni swali."

Akafelishwa. Barua ikasema asimguse mgonjwa yeyote mpaka siku ya marudio, na kwamba kwa huruma ya Serikali atapewa kazi ya kufagia uwanja wa zahanati, akitolewa kila siku mchana kwenda kwenye darasa la walioshindwa. Alimaliza kuisoma, akaikunja, akaniomba nimwonyeshe fagio liko wapi. Nilitaka kusema neno, ila sikuwa na neno lililoruhusiwa. Nikamwambia thenk yu. Mpaka leo nikikumbuka nasikia hasira hadi kwenye meno.

Nafasi yake ilijazwa na mtu aliyeongoza mtihani wilaya nzima, kijana aitwaye Adelini, aliyekuwa akiuza vocha za simu stendi. Aliweza kutamka maneno yote ya awamu ya kwanza kwa pumzi moja. Kwa kipaji hicho akafanywa mkunga. Hakuwa kijana mbaya, na ukweli usemwe, alikuwa na hofu. Siku ya kwanza alinifuata stoo, akafunga mlango, akaniuliza polepole kama mtoto hutanguliza kichwa au miguu.

Nilimwambia amwulize mfagiaji.

*

Sikitu alishikwa na uchungu asubuhi ya siku ya kazi. Aliacha karai la mafuta juu ya jiko, akatembea hatua zile chache kutoka kwenye vitumbua vyake hadi geti letu. Kibwana alikuwa amekwenda kijiji cha pili kutengeneza baiskeli, na mtu akatumwa kumwita. Sista Pulkeria alikuwa ameshapelekwa darasani, kwa kuwa siku hiyo walianza mapema ili wamalize kabla ya ziara ya mkaguzi.

Adelini akampokea Sikitu mezani kama sheria inavyotaka. Akaomba cheti. Akakisoma. Akamwomba, kwa ishara, aeleze shida yake kwa maneno yaliyomo.

Sikitu alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni. Alifungua mdomo kutafuta, nami nikiwa mlangoni pa stoo nilimwona akitafuta, akiyapitia yale maneno manne kama mtu anayepapasa ndani ya mkoba usio na kitu.

"Hapi," akasema.

Adelini akaandika.

"Hapi!" akapiga kelele, akainama hadi paji la uso likagusa meza. "Hapi! Hapi!"

Adelini akamwelekeza kwenye benchi, maana mgonjwa mwenye furaha hana haraka. Sikitu alikaa pale. Kila uchungu ulipomjia alisema wandafuli huku akiuma khanga yake, na watu waliokuwa kwenye foleni walitazama sakafu. Mimi nilitazama rafu zangu. Jua lilipofika kichwani niliona damu chini ya benchi, nikatoka mbio.

Pale ofisi ya kata mlinzi alinizuia, akataka kujua nina maneno gani. Darasa lilikuwa katikati ya kuimba divelopmenti. Nikapaza sauti, kwa lugha yetu, ndani ya jengo la Serikali: "Sista! Sikitu anakufa!"

Alitoka akiangusha viti. Alikimbia na mwili wake ule wote, na mimi niliyekuwa mwembamba nikawa nyuma yake. Alimsukuma Adelini pembeni, akamnyanyua Sikitu kwenye benchi, akaanza kuzungumza naye kwa lugha ya mama yake mzazi, taratibu, mwanangu hivi, mwanangu vile, pumua, sukuma, pumzika. Mtoto wa kike akatoka mzima. Kondo la nyuma likatoka. Damu haikukoma.

"Bwana Dawa, sindano ya kuzuia damu! Haraka!"

Nilikwenda kwenye rafu. Mahali pake napajua hata kwa kufumba macho. Palikuwa na lebo. Nikasimama mbele ya ile lebo, mtu mzima na akili zangu, nikaikwangua kwa kucha kana kwamba nyuma yake kuna kitu.

Kibwana alifika wakati huo. Baiskeli haikufaa, kwa vile Sikitu hakuweza tena kukaa. Ndipo Sista alipoutazama ule ubao wa mninga uliokuwa umeegemezwa ukutani pale zahanati, na sisi tukamwelewa. Tukautandika khanga, tukamlaza Sikitu juu yake, wanaume wanne tukaunyanyua, na Adelini alikuwa mmoja wao, analia waziwazi. Tukaingia barabarani kuelekea hospitali ya wilaya. Huko hakuna aliyetukataza kusema, kwa hiyo Sikitu akasema.

"Sista, nasikia baridi."

"Najua, mwanangu. Tunafika."

"Kibwana, mtoto amefunikwa?"

"Amefunikwa, mke wangu. Ninaye hapa."

"Naumia," akasema Sikitu. "Naumia sana." Akalirudia neno hilo njia nzima.

Alikata roho kabla hatujalifikia daraja la njiani.

*

Kesho yake Kibwana alikwenda kuomba kibali cha kuzika. Bwana Nikodemu alimpokea kwa heshima zote, akatafuta katika mwongozo wake, na akamweleza kwa masikitiko, kwa kuwa walikuwa wamesimama nje ya mlango na lugha yetu iliruhusiwa pale, kwamba Kiingereza cha awamu ya kwanza hakina neno la jambo analotaka. Wizara itaandikiwa. Neno likija litakabidhiwa.

"Mke wangu yuko ndani tangu jana," Kibwana alisema. "Joto hili unaliona."

"Nakuelewa, kaka. Lakini nitaandika nini?"

Tukamzika bila kibali. Kata nzima ilikuja, na jioni ile ile tukaambiwa kwamba tunashitakiwa kwa kumfukia raia ambaye kwa mujibu wa kumbukumbu za Serikali ni mzima na ana furaha. Shitaka la pili lilikuwa la kuchafua neno la umma. Ulitumwa ujumbe wa kuja kuuchukua ule ubao, ukasafishwa kwa petroli na kupakwa rangi upya.

Wiki iliyofuata Waziri Mtukuzwa alisema redioni kwamba tangu mpango uanze hakuna kituo chochote cha afya nchini kilichoripoti kifo hata kimoja. Alisema wataalamu wa nje wameshangaa na wameomba kuja kujifunza. Aliitaja Mabondeni kwa jina. Alisema tumeng'ara.

Nilikuwa nakunywa chai. Nilikirusha kikombe ukutani.

*

Siku ya marudio ikafika. Kila mtu katani alitakiwa ukumbini ili apandishwe ngazi au ashushwe. Bwana Nikodemu alikaa mbele na mkoba wake, akaanza kuita majina, na kila aliyeitwa alijibu thenk yu.

"Sikitu Kibwana."

Watu wakageuka kumtazama Kibwana.

"Sikitu Kibwana," akarudia, kisha akasema yale yaliyoandikwa kwa ajili ya watoro, kwamba asiyehudhuria cheti chake kinafutwa pamoja na vya wote wanaomtegemea, mume na watoto, na hawatatibiwa popote.

Kibwana alisimama. Alikuwa amempakata mtoto, amemfunika vizuri.

"Amekufa," alisema kwa lugha yetu.

"Kwa Kiingereza."

"Sikupewa."

"Basi kaa chini, kaka yangu. Nitaandika hajafika."

Kibwana hakukaa. Sista Pulkeria, aliyekuwa mlangoni na fagio lake, akaliweka chini, akaingia, akasimama kando yake. "Amekufa," alisema. Mama mmoja muuza mchicha akasimama, akasema vivyo hivyo. Wakasimama wawili wa nyuma, na vikongwe wale wasio na meno wakiinuana kwa mikono. Adelini naye alisimama. "Amekufa, nilikuwepo," alisema. "Alikuwa ananiambia hapi, nami nikaandika hapi."

Nikasimama na mimi. Habari hii nimeisimulia kwa adabu mpaka hapa kwa sababu nililelewa kuheshimu ofisi. Adabu imeniishia. Nilimwambia Nikodemu, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, kwamba sindano moja ingemwokoa na hamkuileta, kwamba gari lingemwokoa na mkatuletea ubao, kwamba mkunga alikuwepo na mkampa fagio. Nilimwambia mmemuua mtoto wa watu, na kabla ya kumuua mlimziba mdomo, mkamfundisha kusema amefurahi. Nilimwambia aandike hivyo hivyo.

Aliitazama kalamu yake. Alitazama dirishani, pale lilipokuwa gari la Wizara na dereva wake. Yule mtoto akaanza kulia, na Kibwana akawa anambembeleza bila kuketi.

"Andika," akasema Sista Pulkeria.

Nikodemu aliandika. Mimi nilikuwa karibu, niliona: amekufa, kwa lugha yetu, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika neno hilo utotoni kama sote. Kisha akavua miwani, na kwa sauti ya chini, kwa lugha ileile, akauliza swali ambalo hakuna mkubwa yeyote aliyekuwa ametuuliza.

"Ilikuwaje?"

Ukumbi mzima ukaanza kumjibu kwa wakati mmoja, na hakuna aliyekaa chini.